Aliyevaa Kumi na Tisa

Jioni ile nilitumwa kupeleka magauni safi chumba cha watoto wadogo. Niliifanya kazi hiyo kila siku tangu mwaka wa ndui ulipotuingiza mimi na mdogo wangu wa kike katika nyumba ya kulelea watoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye miwili. Mama alikuwa kambi ya wagonjwa, ng'ambo ya reli, na hakuna aliyetuambia kama yu hai.

Nataka wajukuu wasome mambo haya yalivyokuwa. Sitapunguza kitu.

Pale watoto wote tulinyolewa. Walezi walikuwa wanne, sisi mia na zaidi, na kila wiki walezi walibadilishwa. Hawakujua sura. Walisoma namba iliyoshonwa kifuani. Mdogo wangu alikuwa kumi na tisa. Binti wa umri wake, waliyelala naye kitanda kimoja, alikuwa thelathini na moja. Kuzishona namba hizo ilikuwa kazi yangu, chini ya dobi, mama mnene mpenda utani.

"Taratibu, bibi harusi," alikuwa akiniambia. "Ukikaza uzi hivyo utamshona mtu na ngozi yake."

Siku ile hakutania. Alisema bila kunitazama, "Kesho asubuhi kuna mume na mke wanakuja. Wamepewa kumi na tisa. Miezi mitatu imepita, hakuna aliyemuulizia."

"Lakini mama yetu yupo."

"Najua, mwanangu. Karatasi haijui."

Alipotoka kuanua nguo, nilifumua namba mbili nikazishona upya. Nilijichoma sindano mara tatu. Niliwavika mwenyewe, taa hazijawashwa. Mdogo wangu akawa thelathini na moja. Yule mwingine alinichekea nilipokuwa namfunga vifungo. Niligeuza uso.

Nilipotoka, ukumbini palikuwa na mwanamke.

Sikusikia mlango. Geti lilikuwa limefungwa saa nzima kabla. Kwanza ilinifikia harufu... chokaa mbichi, na udongo uliochimbwa leo. Kisha nikaiona miguu yake. Peku. Myeupe mpaka magotini.

"Wangu yuko wapi?" alinong'ona.

Alifungua kiganja. Kilikuwa na kipande cha kitambaa, kama kile alichopewa kila mama siku watoto walipochukuliwa.

Thelathini na moja.

"Uso wake umenitoka," alisema. "Namba ninayo."

Nilielewa upesi kuliko nilivyotaka. Nikisema ukweli, namba zitarudishwa mahali pake, na kesho mdogo wangu ataondoka na watu nisiowajua. Nilidhani ni mtu. Naapa, nilidhani ni mtu tu aliyetoroka kambini, na kwamba mlezi wa zamu atamfukuza.

Nilinyamaza.

Akapita. Hakugusa mlango, wala sikuuona ukifunguka.

Kisha mtoto mmoja akalia. Mara moja tu.

Niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeibembeleza tangu ilipozaliwa.

Nilikimbia nikausukuma mlango kwa bega. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlezi alikuwa akikunja mablanketi, hajaona mtu. Kitandani yule binti mwingine alikuwa amekaa peke yake, ananyonya kidole, kifuani ana kumi na tisa. Pembeni yake shuka lilikuwa na vumbi jeupe. Nyayo nyeupe zilikuwa sakafuni, toka mlangoni mpaka kitandani.

Za kurudi hazikuwapo.

Walitafuta usiku kucha, hata kisimani. Asubuhi mume na mke walikuja, wakasoma namba, wakamchukua yule mtoto huku anawashika masikio. Nilisimama karibu na ndoo za kufulia. Ningeweza kusema. Lakini ningesema nini, na nani angenirudishia wangu?

Mchana dobi alisomewa orodha ya kambini. Mama wa thelathini na moja alikuwa amezikwa siku nne kabla, katika shimo la chokaa, pamoja na wengine. Dobi aliutazama mkono wangu wenye alama za sindano. Hakunitania tena mpaka nilipoondoka.

Mama alipona. Alikuja na vitambaa viwili, cha namba yangu na cha mdogo wangu, na uso uliojaa makovu. Kilimchukua miaka sita kile cha pili. Alipiga hodi ofisi baada ya ofisi, mpaka akampata kumi na tisa, binti wa miaka minane, mama mlezi amefariki na baba hana uwezo tena. Alimshika mabega, akamtazama muda mrefu, akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyebaki naye. Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

Alikufa mzee, mkono wake uko katika mkono wa binti huyo. Alimwita kitindamimba wake.

Huyo ndiye bibi yenu mdogo anayeishi nami. Amefiwa na mume, macho yamefifia, na bado ananikosoa ninavyokunja nguo. Ni mdogo wangu. Simjui mwingine.

Wiki iliyopita, jua likizama, nilisikia harufu ya chokaa kizingitini. Nilifunga mlango. Sauti ilipita chini yake, pole kabisa.

"Nilipewa asiye wangu. Nipe wangu, uchukue wako."

Nikasikia mtoto akilia. Kilio cha miaka miwili. Miaka sitini imepita na hakijakua hata siku moja.

Amekuja kila jioni tangu hapo. Sijafungua. Nimeukumbatia ufunguo kama mwizi, nimeziba masikio kwa kanga, na bado nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kulia tena.

Jana bibi yenu mdogo alisikia pia.

"Dada," alisema, "kuna mtoto wa watu nje. Mbona humfungulii?"

Nilimwambia ni paka. Akaniambia nimezeeka vibaya, kumnyima mtoto mlango.

Leo jua limeanza kushuka. Nimetafuta ufunguo chini ya mto, haupo. Yeye ameburuta kiti chake mpaka mlangoni, amekaa na blanketi mapajani, anasubiri kumfunika.