Christa M'Bagalwa Hakubadili Jina

—Kambere, chagua leo: kiti ya marehemu baba yako, ao huyu Mushi!

Sauti ya Papa Apollinaire, mzee wa ukoo, ilijaa sebule yote. Christa alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, pale Butembo, nyumbani kwa wakwe zake. Yeye mwenyewe alikuwa Mushi, aliyezaliwa katika nyumba ya mwami, mtawala wa jadi, kule Bushi. Miaka minne iliyopita aliacha kwao, akamfuata Kambere, mtoto wa mwami wa Kinande. Sasa baba mkwe amezikwa, na kiti kinamngoja bwana yake.

—Abatizwe upya, katika kanisa yetu, ndani ya maji, mzee aliendelea. Na ile jina ya M'Bagalwa aache. Aitwe Kanyere, sawa na batoto betu.

Christa alimwangalia bwana yake. Kambere aliangalia viatu vyake.

Kile kimya ndicho kilichomuuma. Alitua sinia, akaingia chumbani kufunga nguo zake katika kitambaa. Kesho yake asubuhi alipanda gari la Beni. Eliane, rafiki yake muuguzi, alimpokea Bungulu, mtaa wa Beni.

Hakwenda kulia. Waliokimbia vita kutoka vijiji vya wakwe zake walijaa kwenye madarasa ya shule. Christa alipika uji, akaosha vidonda, akazungumza nao Kinande chenye lafudhi ya Kishi. Walimcheka, kisha wakampenda.

Baba yake alipiga simu kutoka Bushi.

—Binti yangu, rudi. Natuma gari.

—Hapana, Papa. Nilikuja huku bibi ya mutu, siko mugeni. Kama ni kunikataa, banikatalie hapa, nikiwa nasimama.

Kambere naye aliandika kila siku: "Chérie, nakuomba urudi."

Alimjibu mara moja tu: "Balinitukana mbele yako, ukanyamaza. Bwana wa kuandika niko naye. Nangoja bwana wa kusema."

Wiki ya pili Mama Adèle, mama mkwe, alifika Bungulu kumtafuta dada yake aliyekimbia kijiji. Alimkuta juu ya mkeka, mguu una bandeji safi.

—Nani alikutunza?

—Bibi ya Kambere, mwami wetu wa kesho. Si yule anakuja pale?

Christa alipiga goti kusalimia. Mama Adèle akamshika mikono, akamwinua.

—Mukamwana, mimi njo nilituma Apollinaire akusukume. Nilipata haya kusema mwenyewe.

—Nilijua, Mama.

—Na ukatunza dada yangu?

—Ni mama yangu pia.

Simu ikalia. Kambere!

—Christa, leo nimesimama mbele ya bazee. Nimesema: kama bibi yangu hatakaa kando yangu na jina yake, kiti bape Jean-de-Dieu, ndugu yangu.

—Sema tena kwa nguvu. Mama yako anasikia.

Akasema tena, neno kwa neno.

—Umekawia, mutoto wangu, mama alijibu huku akifuta macho. Lakini umesema.

Siku ya kusimikwa, uwanja ulijaa. Papa Apollinaire alishika mikro.

—Na huyu, bibi ya mwami, ni Kanye...

—Christa M'Bagalwa, alisema yeye mwenyewe, kichwa juu. Kuhusu ubatizo, Papa, siku roho yangu itataka, nitakuja bila kuitwa.

Mzee alikohoa. Akamtazama Mama Adèle. Mama Adèle hakupepesa jicho.

—Christa M'Bagalwa, mzee akatangaza.

Wanawake wa Bungulu wakapiga vigelegele. Kambere alisimama kutoka kitini, akamshika bibi yake mkono, akangoja Christa akae kwanza kando ya kile kiti, ndipo naye akakaa.