Sekela na Gata Lililoziba

Sogeeni karibu, masikio yawe wazi. Nawasimulia habari za Sekela, na siku mvua ilipokuja mbio.

Sekela alikuwa na miaka sita. Alikaa Tukuyu, kwenye nyumba ndogo ya udongo, yeye na Mama na Bibi.

Kuta za nyumba yao zilikuwa za tofali mbichi. Tofali mbichi ni udongo uliokaushwa kwa jua tu. Haukuchomwa moto.

Jua likiwaka, ukuta wa udongo ni mgumu kama jiwe. Maji yakiumwagikia, unalainika kama uji.

Ndiyo maana nyumba yao iliwekwa gata. Gata ni mfereji mrefu wa bati, umening'inia ukingoni mwa paa.

Mvua ikinyesha, gata hupokea maji yote ya paa. Huyapeleka kwenye bomba, na bomba huyashusha hadi kwenye pipa kubwa.

Chururu, chururu, chururu! Pipa linajaa, na ukuta unabaki mkavu.

Lakini kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kirefu. Mparachichi uliotanda juu ya paa ulipukutisha majani siku baada ya siku. Yaliangukia wapi? Kwenye gata.

Asubuhi moja Mama alisimama uani, mikono kiunoni, akatazama juu. Gata lilikuwa limejaa pomoni. Hata nyasi zilikuwa zimeota humo!

"Hili tunalisafisha leo hii hii," Mama akasema. "Mvua ikitukuta hivi, tumekwisha."

Mama Tusa, jirani yao, akaja na ngazi yake begani. "Haya jamani, tuanzie wapi?"

Hapo Sekela akatazama mlimani. Juu ya Mlima Rungwe kulikuwa na wingu. Kubwa. Jeusi. Na lilikuwa linasogea.

Chumbani, Bibi alikuwa kitandani. Aliteleza shambani, mguu ukavimba, na sasa hakuweza kusimama.

Kitanda chake kiliegemea ukuta. Ukuta ule ule uliokuwa chini ya gata.

Bibi hakuweza kuliona wingu. Alisikia upepo tu. Akaita kupitia dirishani.

"Sekela, mjukuu wangu, wingu limefika wapi?"

"Liko mlimani, Bibi! Bado liko mbali."

"Haya. Mwambie mama yako afanye upesi."

Mama akapanda. Kwii, kwii, kwii, ngazi ikalia. Mama Tusa akaishika kwa mikono yote miwili.

"Na mimi nipande?" Sekela akauliza.

"Thubutu!" Mama akasema. "Wewe kaa chini, uliangalie wingu."

Mama akachota majani kwa mkono, akayatupa chini. Pwa! Pwa! Pwa! Yalikuwa meusi, tena yananuka.

Sekela akayazoa, akayatia kwenye ndoo. Akazoa, akatazama wingu. Akazoa, akatazama wingu.

"Sekela, mjukuu wangu, wingu limefika wapi?"

"Limefika kwenye mashamba ya chai, Bibi! Chai haionekani tena."

"Haya. Mwambie mama yako afanye upesi."

Mama akashuka. Ngazi ikahamishwa. Mama akapanda tena. Kwii, kwii, kwii.

Nusu ya gata ilikuwa safi. Nusu nyingine bado.

Upepo ukavuma. Vuuuu! Kanga iliyoanikwa kwenye kamba ikaruka, ikaenda zake. Ngazi ikatikisika.

"Ishike, dada!" Mama akasema.

"Nimeishika!" Mama Tusa akajibu. Lakini miguu yake ilikuwa inateleza.

Sekela akakimbia. Akaukumbatia mguu mmoja wa ngazi, akaung'ang'ania kwa nguvu zake zote.

"Sekela, mjukuu wangu, wingu limefika wapi?"

Sekela akageuza shingo.

"Limefika shuleni, Bibi. Paa la shule limefunikwa."

Safari hii Bibi hakusema haya. Alivuta blanketi hadi kidevuni.

Ngu-ru-ru-ru! Ngurumo ikasikika mbali, nyuma ya mlima.

"Shuka!" Mama Tusa akasema.

"Bado kidogo," Mama akajibu.

"Mama, shuka!" Sekela akapiga kelele. "Mama, naogopa!"

Mama akakwangua jani la mwisho, akalitupa. Pwa! Akashuka haraka haraka, mpaka miguu yake ikagusa ardhi.

Sekela akamkumbatia kiunoni. Gata lilikuwa safi. Safi kabisa!

Ta.

Ta, ta.

Taratatatatata! Mvua ikapiga bati.

"Imefika kwetu, Bibi!" Sekela akaita. "Lakini usijali, tumemaliza!"

Wote watatu wakakimbilia barazani. Wakasimama wamebanana, wakatega masikio. Walikuwa wanangoja maji yaingie kwenye pipa.

Wakangoja. Wakangoja.

Pipa kimya.

"Mbona halilii?" Sekela akauliza.

Mama akatazama juu. Gata lilikuwa linajaa. Likajaa zaidi. Likafurika.

Shwaaa! Maji yakamwagika ukutani.

"Haiwezekani!" Mama akasema. "Nimelisafisha lote, mwanzo hadi mwisho!"

"Gata ni safi," Mama Tusa akasema. "Lililoziba ni bomba."

Kutoka chumbani, Bibi akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jamani, ukuta umeloa. Kipande cha udongo kimeniangukia mkononi."

Mama akaruka ndani. Mama Tusa akamfuata. Wakakishika kitanda cha Bibi, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

"Vuta!" Kitanda kikasogea kidogo. "Vuta!" Kikasogea tena. Wakakivuta hadi kwenye chumba cha pili, mbali na ukuta ule.

Bibi alikuwa salama. Lakini ukuta?

Sekela akachungulia. Maji yalikuwa yanaingia. Pale ukutani palikuwa na ufa. Mwembamba kama uzi, kisha mnene kama kidole.

"Nyumba yetu itaanguka?" Sekela akauliza.

Mama akageuka. Akachukua panga, akatoka mbio.

Bomba lilikuwa refu. Lilishuka kwenye pembe ya nyumba, likapinda, likapita ubavuni, ndipo likaingia kwenye pipa.

"Nilikate," Mama akasema. "Lakini nilikate wapi? Nikikosea, maji yote yatamwagikia ukutani."

Akainua panga. Akalishusha. Akaliinua tena.

Shwaaa! Gata likazidi kufurika.

Sekela akamtazama Mama. Akalitazama bomba. Akalitazama pipa.

Mama alikuwa na kawaida ya kuligonga pipa kila jioni, ajue maji yamebaki kiasi gani. Palipo patupu, pipa husema ngo. Palipo na maji, husema bup.

"Mama, subiri!" Sekela akasema. "Tuligonge, kama pipa!"

Akaokota kijiti. Akabandika sikio kwenye bomba, karibu na pipa. Mvua ilikuwa inapiga kelele. Mama na Mama Tusa nao walikuwa wanazungumza kwa pamoja.

"Nyamazeni!" Sekela akasema. Akashtuka. Watu wazima hawaambiwi hivyo. "Samahani. Nyamazeni kidogo, tafadhali."

Wakanyamaza.

Sekela akagonga. Ngo.

Patupu. Akasogea hatua moja. Akagonga. Ngo.

Patupu. Akasogea tena. Maji ya mvua yalimwingia machoni, akayafumba. Akasikiliza kwa nguvu. Ngo.

Akafika kwenye kona, pale bomba lilipopinda. Akagonga.

Bup.

Akagonga tena, ahakikishe. Bup.

"Hapa!" Sekela akapiga kelele. "Mama, ni hapa! Maji yamekwama hapa!"

Mama akatupa panga chini. Akaishika ile kona kwa mikono miwili, akaizungusha. Haikuzunguka.

Akaizungusha tena. Haikuzunguka.

"Tushike wote!" Mama Tusa akasema. Wakashika wote wawili, wakasukuma, wakakaza meno.

Nyii... nyiii... nyiiii... KA!

Kona ikachomoka. Bonge la majani na matope likaruka, likampiga Mama kifuani. Na katikati ya bonge hilo kulikuwa na kokwa la parachichi!

Ndilo lililokuwa limekaa kwenye bomba kama kizibo kwenye chupa.

Maji yakafyatuka. Fwaaaa! Yakamlowesha Mama. Yakamlowesha Mama Tusa. Yakamlowesha Sekela kuanzia nywele hadi kucha.

"Irudishe kona!" Mama Tusa akasema.

Mama akairudisha, akaikaza. Wote wakalitazama pipa.

Chu.

Churu.

Chururu, chururu, chururu!

"Linalia!" Sekela akaruka. "Pipa linalia!"

Juu, gata likaacha kufurika. Maji yakafuata njia yake, yakaingia bombani, yakashuka pipani. Hata tone moja halikumwagikia ukuta tena.

Sekela akakimbia chumbani. Akasimama mbali na ukuta, akautazama ule ufa. Akaungoja ukue.

Haukukua. Ulibaki vilevile, mnene kama kidole.

"Umesimama, Bibi!" akaita. "Ukuta wetu umesimama!"

Kutoka chumba cha pili, Bibi akapiga kigelegele. Mguu wake ulikuwa mbovu, lakini mdomo wake ulikuwa mzima!

Jioni mvua ilipungua, lakini haikukatika. Mama akawasha jiko. Wakala ndizi za moto na maziwa ya mgando, wote kwenye kitanda cha Bibi.

"Kesho tutachanganya udongo, tuuzibe ule ufa," Mama akasema. "Na kila kiangazi kikiisha, tutaliangalia gata. Na bomba pia."

"Na bomba pia," Bibi akaitikia.

Sekela alikuwa amelala. Kijiko kilikuwa mdomoni, na macho yalikuwa yamefumba.

Mama akamtoa kijiko. Akambeba, akamlaza ubavuni mwa Bibi, akamfunika blanketi. Bibi akamvuta karibu.

Mara mlangoni pakasikika sauti.

"Hodi!"

"Karibu," Mama akajibu.

Alikuwa Mama Tusa, na mwavuli wake ulikuwa unachuruzika maji.

"Samahani kuwasumbua," akanong'ona. "Bomba langu nalo limenyamaza. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, haina haraka. Lakini nilikuwa naomba masikio ya Sekela."

Mama akamwinamia Sekela. Sikio lake moja lilikuwa bado na matope, pale alipolibandika kwenye bomba. Mama akayafuta taratibu kwa ncha ya kanga.

"Masikio yamelala," Mama akasema. "Njoo uyachukue asubuhi."