Nani Aliitika

Aliyenisimulia ni Roda mwenyewe, rafiki yangu wa kijiji cha Ibaba, na Roda si mtu wa kuongopa. Mchana ule alikuwa mashineni na debe lake la mahindi. Umeme ulikatika, mwenye mashine akaenda kula, Roda akabaki peke yake. Ukungu ukashuka hadi mlangoni, kibanda kikawa giza tii, yakasikika tu matone yakidondoka kutoka kwenye bati.

Ili kupitisha muda, akafungua kwenye simu ile programu ya kukuambia wewe ni mtu wa aina gani na umezaliwa kufanya nini. Inauliza kwa sauti, unajibu kwa sauti.

"Ukiitwa, huwa unaitika haraka?"

Roda akacheka. Kwao, ukiitwa kwenye ukungu huitiki mpaka umwone anayekuita.

"Siitiki hovyo," akajibu. "Na simu hainipangii maisha!"

Kisha huko nje, ndani ya ukungu, sauti ileile ya simu ikaita: "Roda!"

Akasimama mlangoni. "Kama una shida, jitokeze nikuone! Mimi siitiki!"

"Roda!" Sasa ilikuwa karibu zaidi.

Akaziba mdomo kwa kiganja, akakaza.

Nyuma yake, gizani kwenye mashine, mtu akaitika taratibu: "Abee."

"Ilikuwa sauti yangu," Roda aliniambia, macho makavu. "Lakini sikuitika mimi. Nitabishana na yeyote."

Na palepale mashineni, simu ikasema: "Asante, Roda. Jibu lako tumelipata."