Samaki wa Tano

Samaki walikuwa wanne. Kalisa mwenyewe aliwavusha mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliojaa hewa, akawahesabu mara mbili kabla ya kuwamimina tangini. Asubuhi ya tatu mke wake, Zulaikha, aliyelala ubavu kwa amri ya daktari, akamwita kwa sauti ndogo.

"Papa, hii ya tano imetoka wapi?"

Kalisa akacheka. Huyu bwana, tuambiane ukweli, alikuwa fundi wa vioo namba moja Kamembe nzima, na kama ulikuwa hujui, angekujulisha mwenyewe kabla hujakaa. "Kwangu hakuna kipande kinapotea," ndiyo ilikuwa salamu yake. Zulaikha alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa na miezi minane, na kuinuka amekatazwa. Basi Kalisa akamtengenezea tangi dogo la samaki, lenye kuingia dumu moja tu la maji, apate kitu cha kutazama zaidi ya dari.

Kioo alikipata wapi? Hapo ndipo ujanja ulipomponza. Kwenye nyumba moja ya msiba walimwita aondoe kioo kikubwa cha kujitazamia, bado kimefunikwa kanga, kama tunavyofunika vioo vyote maiti akiwa ndani. Marehemu alifia mbele ya kioo hicho, akijifungua, na mtoto akaenda naye.

"Usikifunue, mwanangu," mama wa marehemu alimwomba. "Ukizike na nguo yake."

Kalisa akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Kufika kazini akakifunua: kinene, cha zamani, safi. Azike? Yeye? Akakwangua rangi ya mgongoni kwa wembe, akakata vipande vitano, akavigandisha kwa silikoni. Kipande cha sita, kidogo kama kiganja, hakukikwangua. Alikitundika juu ya kitanda, Zulaikha ajitazame akifunga kitambaa.

"Ni mwangaza tu, Maman," Kalisa akamjibu mkewe asubuhi ile. "Kioo kinacheza na macho."

Lakini mwangaza haunuki. Maji yalinuka kafuri, ile ya kuoshea maiti. Kalisa akampigia Josiane, aliyemuuzia samaki kule Bukavu.

"Uliacha mayi ilale siku ngapi?"

"Kuacha ilale? Miye Kalisa ningoje mayi?"

"Ah, Papa! Mayi ya robine iko na dawa. Utaniulia batoto!"

Akapumua. Kumbe ni dawa ya maji ya bomba tu! Akabadilisha nusu. Kesho yake maji yalikuwa yamepungua vidole viwili na sakafu kavu kabisa, na Zulaikha akasema mtoto hajacheza tumboni tangu alfajiri.

Adhuhuri hiyo mvua ikapiga mabati mpaka sauti zote zikafa, na Kalisa, aliyeingia na sahani ya wali wa Bugarama, akawakuta samaki wanne wamejipanga mstari mmoja wakikitazama kitanda, vinywa vyao vikifunguka na kufungika pamoja kama watu wanaoitikia dua, na nyuma yao yule wa tano, mweupe, mrefu, asiye na mkia wala jicho, akipapasa kioo kwa ndani taratibu, juu, chini, juu tena, akitafuta upande lilipo tumbo la Zulaikha, mpaka akageuka, na Kalisa akaona ukucha wenye hina.

Sahani ikaanguka.

Mwalimu Byiringiro wa msikitini alifika kabla ya alasiri, na mlangoni Kalisa akamnong'oneza kioo kilikotoka. Akasoma dua, akasoma, jasho likamtoka. Maji yakatokota bila moto. Kisha yakatulia, na Zulaikha akashika tumbo. "Amepiga teke," alinong'ona. "Papa, amepiga!"

Mwalimu akafuta uso. "Zika vipande vyote leo, na nguo yake, kama ulivyoagizwa. Ni vingapi?"

Kalisa akatazama juu ya kitanda. Kusema sita ni kukiri mbele ya mke wake kwamba alimtundikia kioo cha maiti kichwani.

"Vitano."

"Hakuna kingine?"

"Wallahi, vitano."

Samaki wakahamia kwenye ndoo, vitano vikazikwa. Cha sita atakizika kesho kimyakimya, alijiambia. Uchungu ukaanza usiku huohuo, na kesho yao ikawa hospitali.

Siku ya tatu wakarudi na mtoto wa kike, mzima. Majirani wakapiga vigelegele uani. Kalisa akamlaza kitandani, akainua mkono kukitoa kile kioo.

Kafuri ikamjaa puani.

Kitandani, mtoto mmoja, amefumba macho. Kwenye kioo, wawili, bega kwa bega. Yule wa pili alikuwa amefumbua.

"Zulaikha," alinong'ona, "umezaa bangapi?"

"Mumoja tu, Papa! Juu ya nini unauliza?"

Ukingoni mwa kioo kikatokea kidole chenye hina. Kikapita juu ya wa kwanza, kikapita juu ya wa pili, taratibu, kama cha mtu anayechagua.