Kuikwangua Ketuba ya Yokheved

Haya yalimpata rafiki yangu Reuma, hapa hapa mjini Tsfat. Yeye huandika ketuba kwa mkono, mikataba ya ndoa yetu sisi Wayahudi, na kuipamba kwa ndege na makomamanga. Alasiri moja ya mvua alikuja mgane aitwaye Elkana, akiwa na ketuba ya ngozi ya mbuzi, ambayo Reuma mwenyewe alimwandikia alipomwoa Yokheved.

“Kwangua jina la Yokheved, uandike la Tirtsa, mchumba wangu. Nitaitundika ukutani.”

“Ndugu yangu, mkeo hana hata miezi mitatu kaburini!”

“Kwani atakuja kukulalamikia? Kwangua, dada. Ndege usiwaguse, nawapenda.”

Reuma akakwangua kwa kisu, kwaru, kwaru, mpaka jina likatoweka. Mara umeme ukakatika. Chumba chake cha kazi hakina dirisha. Giza likawa totoro. Akakiweka kisu mezani, lakini mkwaruzo ukaendelea taratibu, karibu na vidole vyake.

Elkana akacheka. “Hodari wewe! Hata gizani unakwangua!”

“Sijashika kitu,” Reuma akasema.

Kicheko kikakoma.

Umeme uliporudi, kisu kilikuwa palepale, lakini Elkana hakuwepo. Kwenye ketuba, jina lake lilikuwa limekwanguliwa. Reuma akapagusa mahali pale. Ngozi ilikuwa na joto, na chini yake kitu kilikuwa kikipiga, kama mshipa wa shingo.