Maumivu ya Hellen Hayakutoka Mtumbwini

Hellen akiwa mzima, mtaa mzima wa Igogo, kando ya ziwa, unajua. Anaimba, anacheka, anawatania hata wasiotaniwa. Lakini hedhi ikifika, loo! Anajikunja kitandani, anatapika, jasho linamtoka. Na baada ya miezi michache wanawake wangeshindana kupiga makasia ziwani. Hellen alikuwa akiyangoja mashindano hayo kwa hamu.

Mama yake, Paskazia, alikuwa na jibu tayari.

"Nilikukataza! Mwanamke aliye kwenye siku zake haingii mtumbwini. Wewe ukaingia. Sasa ziwa limekuadhibu. Mashindano basi!"

"Mama, usininyime hilo," alilia Hellen.

Kilio kilimleta Truphosa, jirani yao, ambaye ni muuguzi.

"Mama Hellen, huyu analia hivi kila mwezi. Mnangoja nini?"

"Si tumbo la kawaida la wanawake? Na ule mtumbwi wake."

"Maumivu kidogo ni kawaida. Ya kumlaza mtu kitandani, hapana. Twendeni hospitali."

Paskazia alikwenda shingo upande. Daktari alimsikiliza Hellen, akampima, kisha akasema inaelekea ni ugonjwa uitwao endometriosis. Walipotoka, Truphosa aliwaeleza taratibu.

"Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando. Hutoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa wanawake wengine, utando kama huo huota nje ya mfuko. Hedhi ikifika nao huvimba, na hauna pa kutokea. Ndiyo maana unauma."

"Ugonjwa huu unaletwa na nini?" Paskazia aliuliza, akingoja mtumbwi utajwe.

"Wataalamu bado wanatafuta chanzo hasa. Huenda damu nyingine hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi. Tena mara nyingi ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Wewe je, hedhi yako ilikuwaje?"

"Mh! Nilikuwa natambaa sakafuni. Na dada yangu hivyo hivyo."

"Mlikuwa mnaingia mitumbwini?"

"Mitumbwi ya wapi? Sisi wafugaji wa Buhongwa! Mtumbwi nimeuona nilipoolewa huku..."

Paskazia akajishika mdomo.

"Kwa hiyo nyie mliadhibiwa na ng'ombe?" aliuliza Hellen.

Wakacheka wote watatu. Kisha Paskazia machozi yakamtoka. "Nisamehe, mwanangu. Kumbe hata mimi huenda nilikuwa mgonjwa, na hakuna aliyeniambia."

Daktari alikuwa amempa Hellen dawa za maumivu na vidonge vya homoni. Alisema ugonjwa huu hauponi kabisa, ila unatulizwa, na wengine huhitaji upasuaji. Hellen alitumia dawa alivyoelekezwa na kurudi kliniki. Mwezi baada ya mwezi, maumivu yalipungua.

Siku ya mashindano alikuwa kwenye hedhi. Tumbo liliuma kidogo tu. Bibi mmoja ufukweni akanong'ona, "Huyo asiingie, atatia mkosi."

"Mkosi wa nini? Mpisheni mwanangu!" alisema Paskazia. Akavua kandambili, akaingia majini mpaka magotini, akausukuma mtumbwi kwa mikono yake mwenyewe.

Timu ya Hellen ilishika nafasi ya pili. Lakini usimwambie Paskazia hivyo, mtakosana. Yeye anasema walishinda.