Nani Atamjengea Phelesia?

Siku ya soko mjini Migori hakuna anayemwomba mwenzake samahani. Unasukumwa, nawe unasukuma. Leonida alikuwa ameinama juu ya rundo la mitumba, sketi yake ya samawati ameibana kati ya magoti isifagie vumbi, akavuta pazia la maua ya manjano. Likavutwa upande wa pili. Akavuta tena, likagoma.

"Achilia, kaka. Mimi ndiye nililiona kwanza."

"Uliliona, lakini mkono wangu ndio ulifika." Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyoshwa pasi hadi mikononi, kalamu mbili mfukoni.

"Mwanamume mzima unataka maua ya nini?"

"Ya kugawa chumba. Mimi upande huu, nyanya yangu upande ule. Akikoroma, angalau nisimwone."

Leonida alicheka hadi vidole vikalegea. Kijana, jina lake Mochama, akaondoka na pazia, na pamoja nalo akaondoka na namba ya simu ya ofisi ya kupiga chapa alikofanya kazi Leonida. Sokoni watu huibiwa hivyo hivyo wakiona.

Mochama alikuwa Mkisii wa jina. Alizaliwa Nakuru, akalelewa huko huko kwenye kota za reli na huyo nyanya yake, Nyarangi, baada ya wazazi wake kufariki. Kazi ya kuchora ramani za nyumba ndiyo iliyomleta Migori. Kikisii alikizungumza kama mgeni, na Kijaluo hakujua hata salamu. Alikuwa na ploti ndogo nyuma ya mji, futi hamsini kwa mia, na kila jioni aliichorea nyumba upya.

Simu za ofisini zikaanza. Alikuwa akipiga kutoka kibanda cha simu karibu na posta.

"Hapo ni ofisi ya kupiga chapa?"

"Ndiyo, tukusaidie?"

"Nataka kuchapiwa barua. Andika: mpenzi Leonida, dirisha la jiko litazame wapi?"

"Litazame popote, bora moshi utoke. Na bosi ananiangalia."

"Mwambie ni mteja wa maana. Sasa sikia. Chumba cha nyanya kiko karibu na mlango, miguu inamsumbua. Chetu hiki hapa. Watoto huku, Mungu akitupa. Na hapa kando ya chetu, chumba cha mama yako."

Leonida alishindwa hata kujifanya anaongea na mteja.

Mama yake, Phelesia, alikuwa akiuza omena Homa Bay na kulala katika chumba cha kupanga. Zamani alikuwa na boma kisiwani Rusinga. Mumewe alipokufa, shemeji alikuja kumrithi, akasema atamjengea nyumba mpya kama desturi inavyotaka. Phelesia akasema hapana. Alisema mara moja tu, akachukua kapu lake na mtoto wake, akavuka maji. Tangu hapo hakuwa na mahali pa kuita kwake, na wanawake wa sokoni hawakumwacha asahau. Leonida alisomeshwa kwa samaki wale.

"Unalia?" Mochama akauliza.

"Kwani nani amekuambia ulize watu ofisini?"

"Basi nifundishe. Nataka kumwambia mwenyewe, kwa Kijaluo."

Jumamosi hiyo, mkahawani, mbele ya chapati na maharagwe, Leonida akamfundisha. *Mama, adwaro geroni ot.* Mama, nataka kukujengea nyumba. Mochama aliyavunja maneno, akayaunga, akayavunja tena, na Leonida akacheka hadi machozi. Maana ya maneno yale kwa mjane aliijua tangu utotoni, kwa sababu ndiyo iliyowatoa Rusinga. Lakini siku hiyo alikuwa akiangalia midomo ya Mochama, na akili alikuwa ameiacha nyumbani.

Jumapili iliyofuata wakaenda Homa Bay. Mochama alivaa suti ya kahawia na tai nyembamba. Leonida gauni la kijani lenye mabega yaliyotuna, ndiyo fasheni ya miaka ile ya tisini. Phelesia naye, kwa furaha, alikuwa ameita wanawake wa kanisa, na Truphena wa chumba cha pili ambaye hakuhitaji kuitwa. Wakala samaki. Wakasifu suti. Kisha Mochama akasimama, akakunjua ramani mezani, akakohoa.

"Mama," akasema, na kila neno akalitamka sawasawa kama alivyofundishwa, "adwaro geroni ot."

Kijiko kikaanguka sakafuni na hakuna aliyekiokota. Kwa Wajaluo, mwanamume anayemwambia mjane kuwa atamjengea nyumba amemwambia kuwa anamrithi awe mke wake. Na huyu alikuwa amekuja kuomba binti. Tena pale mezani, kwenye ramani, chumba cha mama mkwe kilikuwa kimegusana ukuta na chake.

Truphena alijifunika mdomo kwa leso lakini maneno yakapenya. "Nyar Rusinga, binti wa kisiwani, pole kwa kungoja. Jater wako ameletwa na binti yako mwenyewe."

Jater ni mrithi wa wajane. Wanawake wakacheka chini chini. Phelesia hakucheka wala hakupaza sauti. Akageukia Kiswahili ili mgeni asikie.

"Maneno haya umeyatoa wapi, kijana?"

Mochama alimtazama Leonida. Hakujua kosa lake, aliona tu sura zimebadilika. Leonida akaangalia ramani, pale palipoandikwa MAMA kwa herufi nzuri. Alitaka kusema. Aibu ikampanda kutoka shingoni hadi masikioni, mdomo ukakataa kufunguka.

"Nilijifunza tu, Mama," Mochama akasema.

Alikuwa anamkinga. Na Leonida akakubali kukingwa.

"Basi yarudishe ulikoyatoa," Phelesia akasema. Mochama akakunja ramani yake, akainama kwa heshima, akatoka peke yake kwenye jua.

Jumatatu simu ikalia.

"Leonida, nilisema nini?"

Akamweleza.

"Na ulikuwa umekaa pale pale," Mochama akasema.

"Ndiyo."

"Neno ni neno, hata mimi ningekosea. Lakini uliniangalia nikifukuzwa, na glasi yako ya maji ukaendelea kuishika mkononi."

"Mochama, nisikize."

"Nimekusikiza Jumapili nzima. Hukusema kitu." Akaweka simu chini.

Ikawa hivyo. Simu ya ofisi ililia kwa wengine. Leonida alikuwa akichapa barua za watu, uso unawaka ghafla bila mtu kumgusa, anafuta, anaanza tena. Kilichomuuma zaidi ni kuwa hakuna aliyemlaumu. Lawama yote alikuwa ameibeba Mochama.

Akaenda Homa Bay siku ya kazi, bila kuaga. Sokoni hakumpata mama yake mahali pake. Akamkuta pembeni kabisa, karibu na jaa, na hata huko utani ulikuwa umemfuata.

"Mke wa Mkisii," Truphena aliita, "leo mumeo anakuletea mabati?"

Phelesia akaendelea kupima omena kwa mkebe wa gorogoro kama asiyesikia. Leonida akaona shingo ya mama yake, jinsi ilivyokaza. Akasimama katikati ya njia.

"Mimi ndiye nilimfundisha," akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Yule kijana hajui lugha yetu. Alitaka mama yangu asipange chumba tena, basi. Maneno nilimpa mimi. Mlipomcheka nikanyamaza, kwa sababu nilijionea aibu kuliko nilivyomwonea yeye huruma. Mkitaka mtu wa kucheka, nipo."

Wakamcheka. Truphena alianza, wengine wakafuata, na kicheko kikazunguka soko zima. Leonida akasimama pale hadi kilipochoka chenyewe. Kisha akachuchumaa karibu na kapu.

"Umechelewa," mama yake akasema.

"Najua, Mama."

"Mimi nilijua siku ile ile. Mkisii wa Nakuru angeyatoa wapi maneno hayo? Sikumfukuza kwa sababu ya neno, nyathina, mwanangu. Nilikupa nafasi useme, ukaangalia meza. Nikamwonea huruma mtu atakayeoa mtoto wangu."

Leonida akalia waziwazi, mbele ya wateja, kamasi na yote. Phelesia akampa ncha ya leso.

"Anaweza kuchora mlango?"

"Mlango gani?"

"Wangu. Utazame barabarani, usitazame uani kwake. Na choo changu, na ukuta katikati, mkwe asinione nikioga. Yeye achore tu. Kunijengea utanijengea wewe, uliye wa tumbo langu. Hapo atakayecheka ni mpumbavu."

Jioni Leonida alifika kwa Mochama akinuka omena, gauni limejikunja. Nyarangi alikuwa nje kwenye kiti chake, akipika mboga kwenye jiko la makaa. Mochama alikuwa ndani, ameinamia karatasi zake.

"Wauza samaki wamefika kabla yako," akasema bila kuinua kichwa. "Wanasema kuna msichana amejitia aibu sokoni Homa Bay."

"Ni mimi."

"Nilitaka kuona kama utakuja mwenyewe."

"Nisamehe, Mochama. Nilikuacha peke yako, na wewe ulikuwa unanikinga."

Mochama akainua kichwa. Alikuwa amekonda. "Bado inaniuma," akasema.

"Najua. Hata mimi." Akamweleza alivyosema Phelesia: mlango, choo, ukuta, na nani atajenga.

Mochama akavuta karatasi mpya, kwa sababu mchoraji ni mchoraji hata akiwa na kinyongo. Akapima, akafuta. "Huo ukuta utakula sebule yetu."

"Tutakaa jikoni."

"Na mwenye nyumba hii ndogo niandike nani?"

"Leonida, na jina la baba yangu. Lisibadilishwe kamwe. Nyumba ya mama haiwezi kuandikwa jina la mume wangu."

Penseli ikasimama. Leonida naye akasikia alichosema, uso ukamwaka mpaka kwenye nywele. Alitamani sakafu immeze.

"Jina la nani?" Mochama akauliza polepole.

"Umenisikia."

"Sikusikia vizuri. Rudia."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. "La mume wangu," akasema. "Wewe."

"Mimi nimesikia," Nyarangi akasema kutoka nje. "Mochama, jibu, mboga zinaungua."